Tuilinde Mioyo Yetu Mapema

Ndugu wanafunzi, wengi wetu hudhani maradhi ya moyo ni ya wazee tu. Sivyo. Mafuta huweza kuanza kujikusanya katika kuta za mishipa ya damu tangu utotoni, bila maumivu yoyote. Chumvi nyingi nayo hupandisha shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko cha chai. Nasi chipsi twazinyunyizia kabla ya kuzionja! Vijana nao watakiwa wapate dakika 60 za mazoezi kila siku. Kwa hivyo twapendekeza wakati wa mapumziko yauzwe machungwa badala ya soda, na wakaao karibu waje chuoni kwa miguu. Kinga ni bora kuliko tiba.