Chapati ya mtandaoni: nani alipe mkaa?

Jumapili moja hivi karibuni nilifunga safari hadi Kawangware kumjulia hali mama mmoja tuliyewahi kuwa majirani. Mama huyu huuza mboga karibu na steji ya 46, na ndiye aliyenilisha sukuma wiki kwa mkopo nilipokuwa mwanafunzi wa uandishi, mfuko mtupu na njaa tele. Sikuwa nimemaliza kikombe cha chai alipoanza kumwaga yaliyokuwa moyoni.

"Dada, wewe ni mtu wa magazeti," akaniambia. "Hebu nisemezee huyu ndugu yako. Tangu amalize kidato cha nne habanduki kwenye kompyuta. Usiku taa inawaka, tokeni za stima zinaisha, bando nazo zinaisha. Ukimwuliza, anakuambia anatengeneza ukurasa. Ukurasa gani huo usio na kitabu? Hii ni kazi ama ni mchezo?"

Yamkini nawe mzazi unayesoma haya, uwe Umoja, Kangemi au Lang'ata, umewahi kujiuliza swali hilo hilo. Kijana wako ameinamia kioo, vidole vinacheza, na wewe hujui kama anajenga maisha au anayabomoa. Leo ningependa tulijibu pamoja, kwa kuwa nilipoketi na kijana huyo na kompyuta yake ya mitumba, niligundua kwamba swali la mama ni zito kuliko nilivyodhani.

Usiku wa homa

Kijana huyu ana rafiki yake anayeishi Makina, Kibera. Usiku mmoja, yapata saa nane, dada mdogo wa rafiki huyo alishikwa na homa kali. Wakambeba mtoto hadi zahanati waliyoijua, wakakuta kufuli mlangoni. Wakaenda ya pili, kufuli tena. Ya tatu ndiyo iliyokuwa na taa. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu, lakini vijana hao wawili walijiuliza: mbona hakuna mahali pamoja ambapo mtu anaweza kutazama na kujua zahanati ipi hufunguliwa usiku, Kibera na Kawangware?

Hapo ndipo kazi ya ukurasa ilipoanzia. Na hawakuanza na mikono mitupu. Kabla ya mwaka 2009, ukifungua ramani nyingi za Nairobi ungeona Kibera kama doa tupu, ilhali ni makao ya maelfu kwa maelfu ya watu. Mwaka huo ndipo Erica Hagen na Mikel Maron walipoanzisha mradi wa Map Kibera. Vijana wa vijiji vya Kibera walifundishwa kutumia vifaa vya kupokea ishara za setilaiti, wakatembea kwa miguu kutoka Kianda hadi Laini Saba, wakiandika kila shule, kila bomba la maji, kila choo na kila zahanati. Matokeo yaliwekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanza Uingereza mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila malipo, mradi awataje waliochangia.

Kwa hivyo vijana wetu walikuwa na mbegu. Walichokosa ni ujuzi wa kuipanda.

Njia tatu za kula chapati

Kabla sijakusimulia majaribio yao, niruhusu nikueleze namna tovuti inavyokufikia. Fikiria umeshikwa na hamu ya chapati pale Congo, Kawangware.

Njia ya kwanza: mama amezipika tangu asubuhi, zimepangwa kwenye sinia. Unasema unataka mbili, anazifunga kwa karatasi, unalipa, unaondoka. Hiyo ndiyo tovuti tuli. Kurasa zake zimekwisha andikwa, zinangoja tu kuchukuliwa. Ukurasa wa kwanza wa tovuti duniani, ambao Tim Berners-Lee aliuweka wazi mwaka 1991 kutoka maabara ya CERN kule Uswisi, ulikuwa wa aina hii.

Njia ya pili: unaagiza, ndipo mpishi anaanza kukanda unga. Unangoja kidogo, lakini unapata ulivyotaka, na mkaa ni wake. Hiyo ni tovuti inayotegemea seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti na kuwagawia watu. Benki na shule nyingi hutumia njia hii, maana kila mtu anaonyeshwa mambo yake mwenyewe.

Njia ya tatu: mpishi anakukabidhi unga, mafuta na maelezo, anakuambia ukapike nyumbani kwako. Jiko lako, mkaa wako, jasho lako. Hiyo ni tovuti inayojengwa na JavaScript ndani ya simu yako. Lugha hii ya kompyuta ilitungwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwezi Mei mwaka 1995, kwa muda wa siku 10 tu. Kazi yake ilikuwa kuupa ukurasa uhai kidogo: kitufe kibonyezeke, fomu ikague makosa. Leo imekua hata inabeba mzigo wote. Maktaba za msimbo kama React, ambayo Facebook iliitoa kwa umma mwaka 2013, hutumiwa kupika ukurasa mzima kwenye simu ya msomaji.

Mwenye jiko la gesi hahisi kitu. Je, mwenye jiko la mkaa lenye ufa?

Jaribio lililomaliza bando za mama

Kijana alianza na njia ya tatu. Usimlaumu. Mafunzo aliyoyatazama kwenye video yalisema hivyo, na matangazo mengi ya kazi huitaja React. Akaweka picha kubwa, maandishi yanayoteleza, na ramani inayofunguka yenyewe. Kwenye kompyuta yake ukurasa uling'aa kama mchumba siku ya harusi.

Kisha akamwomba mama aufungue kwenye simu yake, simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka. Kioo kikawa cheupe. Wakangoja. Cheupe bado. Ujumbe ukaingia: bando zimekwisha.

"Alinilia pesa zangu nikimtazama," mama akaniambia, nusu kwa hasira, nusu kwa kicheko.

Kijana akaupima ukurasa wake, akakuta una uzito wa zaidi ya MB 3. Nawe mwanafunzi unaweza kupima hivyo hivyo. Fungua Chrome au Firefox kwenye kompyuta za saiba, bonyeza kitufe cha F12, utaona chumba cha fundi. Sehemu inayoitwa Network itakuonyesha kila kitu ambacho ukurasa umekipakua, na uzito wake. Utashangaa. Mradi wa HTTP Archive, ambao hupima mamilioni ya kurasa duniani, ulionyesha kwamba mwaka 2024 zaidi ya nusu ya kurasa za simu zilipita MB 2, na JavaScript pekee ilikuwa zaidi ya KB 500.

Sasa piga hesabu ya jikoni. Mtu aliye na MB 50 atafungua ukurasa wa MB 3 mara 16 hivi, kisha kwisha. Ukurasa wa KB 50 ataufungua mara 1,000. Aliyeutengeneza ukurasa hatoi hata ndururu kwa uzito huo. Anayelipa ni msomaji, na aghalabu ni yule asiye nacho.

Kuanza upya, polepole

Kijana alifuta yote. Akafungua programu ya kawaida ya kuandikia, akaandika orodha ya zahanati kwa HTML, zile alama zinazoiambia kompyuta hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni orodha. Akaihifadhi kwa jina linaloishia na .html, akaifungua kwa kivinjari. Ikafunguka. Hakuhitaji mtandao, seva, wala malipo yoyote. Jambo hili wanafunzi wengi hawalijui: unaweza kujifunza kutengeneza tovuti bila senti moja ya bando.

Akainakili kwenye flash disk, akashika Naivasha Road kwa miguu, akapita Dagoretti Corner, akavuka Ngong Road hadi Kibera. Rafiki yake akaifungua kwenye kompyuta yake, ikasomeka vile vile. Huo ndio uzuri wa ukurasa tuli, maana unabebeka mfukoni.

Ndipo wakairudisha JavaScript, lakini kama chumvi, si kama unga. Mistari michache tu ya kumwezesha msomaji kuandika "Gatina" au "Lindi" na kuona zahanati za hapo peke yake. Kwa ramani walitumia Leaflet, maktaba ndogo aliyoitoa Vladimir Agafonkin wa Ukraine mwaka 2011, ambayo ina uzito wa KB 42 hivi. Lakini walikuwa wameshajifunza kwamba picha za ramani zenyewe nazo hula bando. Kwa hivyo orodha huja kwanza, kwa maandishi matupu, na chini yake kuna kitufe: "Onyesha ramani". Anayeitaka abonyeze. Asiyeitaka hatozwi.

Jaribio la mwisho lilikuwa la kuiamuru simu ihifadhi ukurasa baada ya kuufungua mara ya kwanza, ili siku nyingine usomeke hata mtandao ukipotea. Usidhani hilo ni pambo. Mnamo Mei 12, 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Homa ya mtoto haingoji waya urekebishwe.

Kuuweka ukurasa hewani hakukuwa na gharama pia. GitHub ina huduma iitwayo Pages, iliyoanza mwaka 2008, inayokubali tovuti tuli bila malipo.

Mipaka yake

Hata hivyo, msomaji wangu, kila jambo lina mipaka yake. Ukurasa tuli hauwezi peke yake kupokea pesa za M-Pesa wala kutunza siri za wateja. Na chochote kilichoandikwa kwa JavaScript ndani ya ukurasa, mtu yeyote anaweza kukisoma kwa kile kitufe cha F12. Kwa hivyo wewe mwanafunzi, usithubutu kuficha nywila humo. Ni sawa na kuficha ufunguo chini ya zulia la mlangoni huku umeandika "zulia la ufunguo".

Wala sisemi vijana wasijifunze React. Tangu iHub ilipofunguliwa Ngong Road mwaka 2010, kazi za kompyuta zimewapa riziki vijana wengi wa jiji hili, na waajiri wana masharti yao. Jifunzeni. Lakini anayeanza na kupamba keki kabla ya kujua kuwasha jiko, siku jiko litakapozima atasimama mikono kiunoni.

Nawe mzazi, usimhukumu mtoto kwa saa anazoketi mbele ya kioo. Mwambie akuonyeshe alichotengeneza, tena kwenye simu yako wewe. Mwulize maswali matatu: Ni cha nani? Kina uzito gani? Kikikosea, nani ataumia? Akiweza kukujibu kwa lugha unayoielewa, huyo anafanya kazi. Akibabaika, bado anacheza, na kucheza si dhambi mradi asiishie hapo.

Mama akashika simu

Kabla sijaondoka, nilimwomba mama aufungue ukurasa mpya kwa simu ile ile yenye ufa. Alisitasita kama mtu aliyewahi kuumwa na nyoka. Akabonyeza. Orodha ikatokea kabla hajavuta pumzi. Akaandika jina la mtaa wao, akaanza kusoma polepole, kidole kikifuata mistari.

Ghafla akakunja uso. "Hii hapa ilifungwa," akasema. "Mwaka sasa. Siku hizi ni duka la mitumba."

Chumba kikanyamaza. Kijana alitazama kioo, kisha akamtazama mama yake. Ukurasa mwepesi, unaofunguka upesi, ungempeleka mtu na mtoto mgonjwa hadi kwenye duka la nguo, saa nane usiku.

"Na hii nyingine?" kijana akauliza kwa sauti ndogo, akivuta kigoda karibu.

"Hiyo iko. Lakini muuguzi wa usiku huwa Ijumaa na Jumamosi tu. Andika hapo."

Akaandika. Nilipoaga, walikuwa wamefika zahanati ya sita, mama akitaja, mwana akiandika, na sufuria ya maharagwe ikianza kunukia kuungua bila yeyote kujali. Mama hakuniuliza tena kama ni kazi ama ni mchezo.