Mutoto Mumoja, Daftari Tatu

Mwezi huu tuongee juu ya jambo ambalo wengi wanaliona kuwa kazi ya biro tu: namna hesabu za afya zinavyoandikwa, na namna daftari za mahali mbalimbali zinavyokutana ao zinavyokosa kukutana. Usigeuze ukurasa upesi. Jambo hilo linaweza kumupokonya mutoto wako jicho.

Mama mumoja wa kanisa letu alizalia katika materniti ya mutaa. Pale waliandika tu "mutoto wa mama fulani", kwa maana jina lilikuwa halijatolewa. Baba alikuwa anatumika ku kampuni, basi mutoto alipopata homa walimupeleka ku lupitalo ya kampuni. Kule walimuandika kwa namba ya kazi ya baba. Kiisha baba akasimamishwa kazi, jamaa ikahamia karibu na kariere, na kituo cha afya cha kule kikafungua fishi mupya kwa jina la babu. Mutoto mumoja, daftari tatu, majina matatu.

Alipofikisha miezi 9, wakati wa chanjo ya surua, munganga wa kituo akauliza: "Mama, shindano ya surua alishapata?" Mama akajibu: "Nazani walimupiga kule ku kampuni." Lakini ku kampuni walikuwa wamesema kwamba chanjo zinatolewa ku kituo. Kila mumoja alizani mwenzake amefanya. Surua ikamukuta. Alipona, lakini jicho moja halioni tena.

Mimi pia niko na kosa. Jina na tarehe ya kuzaliwa ya mutoto ule vilikuwa katika kitabu cha kanisa, tangu siku tulipomubariki. Nilitembelea jamaa hiyo mara mbili, na sikuuliza hata neno moja juu ya karte. Daftari ya ine ilikuwa ku meza yangu.

Labda utasema: "Pasta, siku hizi kuna ordinatere, yenyewe itaona yote." Tuelewane vizuri. Kila mwisho wa mwezi munganga anahesabu katika rejista zake, anaandika jumla katika raporti, na raporti inaenda ku biro ya zoni ya afya. Inchi yetu iko na zoni 519. Kule wanaingiza hesabu katika programu inayoitwa DHIS2, ndipo provinsi na Kinshasa wanaziona. Programu hiyo inatengenezwa ku Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe, lakini mizizi yake iko Afrika ya Kusini. Kule, ubaguzi wa rangi ulipoisha mwaka wa 1994, walikuta idara 14 za afya, zilizogawanywa kwa rangi na kwa maeneo, kila moja na karatasi zake. Ilibidi wakubaliane kwanza ni hesabu gani zinazohitajika kabisa, na kila moja maana yake nini. Mapatano yalitangulia, mashine ikafuata.

Lakini jumla haina majina. Mutoto mumoja akihesabiwa mara mbili, na mwenzake hata mara moja, jumla inasema: watoto wawili wamechanjwa. Kituo kimoja kikiandikwa kwa majina mawili, mashine inazani ni vituo viwili.

Tena, hesabu ya watu wa inchi nzima ilifanywa mwaka wa 1984. Tangu hapo watu wanakadiriwa. Kwetu ku migodi, ambako watu wanafika na kuhama kila juma, unaweza kusoma ku karatasi kwamba watoto waliochanjwa wamepita 100 kwa 100, kumbe kuna kambi nzima haijafikiwa. Surua ya mwaka wa 2019 na mwanzo wa 2020 iliua watu zaidi ya 6,000 katika inchi yetu, wengi wao watoto wadogo. Hesabu mbaya si sababu ya pekee. Lakini mahali pasipoonekana ku karatasi, dawa inachelewa kufika.

Sasa sisi tufanye nini?

1. Mupe mutoto jina lake upesi, na litaje namna moja kila mahali, bila kugeuza mupango wa majina.
2. Tia karte yake ndani ya plastiki. Ukihama, beba karte mbele ya sufuria.
3. Ukitoka lupitalo moja kwenda ingine, omba karatasi inayoeleza dawa na chanjo alizopata. Kama hujui, sema "sijui". Usiseme "nazani".
4. Reko akipita ku nyumba kuhesabu watoto, usimufiche hata mumoja. Yeye si mutu wa kodi.

Na ninyi wenye kuogopa siri: kuunganisha hesabu si kufungua siri. Jina la mugonjwa wa sida ao wa kifua kikuu ni la wale wanaomutunza tu. Hata pasta hana ruhusa ya kulitangaza.

Juma lililopita ule mama alileta mutoto wake mudogo tumubariki. Kabla sijauliza, alinipa karte. Niliandika jina kama lilivyo, herufi kwa herufi, na pembeni nikaandika tarehe ya chanjo inayofuata. Siku hiyo ikifika, nitapita kwao.