Wembamba Si Maendeleo

Kuna swali limerudi mtaani. Kizazi chetu, kile kilicholelewa na vibanda vya gemu ambako coins chache zilikununulia mechi moja, sasa kina kakipato kadogo na kinataka kujirudishia PS2. Mmoja anataka kumaliza San Andreas bila kuondolewa padi mkononi na wakubwa. Mwingine ana mtoto na anataka kumwonyesha gemu isiyoitisha bando kabla ya kuwaka. Kwa hivyo wasee wananiuliza: nichukue ile nene ama slim?

Muuzaji ana jibu tayari. "Zote ni sawa, ila slim ndiyo mpya." Hapo amekudanganya mara mbili kwa pumzi moja. Si sawa, na huo upya wake ndio unaopaswa kukutia wasiwasi. Wahenga walishasema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi nasema chukua nene, na nitaeleza kwa nini, maana hii si hadithi ya kumbukumbu za utotoni tu. Ni hadithi ya jinsi kampuni inavyoweza kukuuzia jina lile lile mara kadhaa huku kila mara ikichomoa kitu ndani.

Tuanze na namba. Sony ilizindua PS2 Japani Machi 2000, ikaendelea kuitengeneza kwa zaidi ya miaka kumi na miwili, na ikauza zaidi ya mashine milioni 155. Mashine nyingi hivyo haziwezi kuwa kitu kimoja. Igeuze uone nyuma: kuna kibandiko chenye herufi SCPH na namba ya tarakimu tano. Zile nene ziko kati ya 10000 na 50000 na kitu. Kuanzia 70000, mwaka 2004, ni slim. Za mwisho kabisa ni za 90000. Tarakimu ya mwisho inakwambia ilikouzwa mara ya kwanza: 0 ni Japani, 1 ni Marekani, 3 ni Uingereza, 4 ni Ulaya bara. Kwa hivyo ukiambiwa mashine ni "ex-UK" na namba inaishia na 1, mwenye duka hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Tarakimu hiyo si pambo. Nene ya Marekani imeundiwa stima ya volti 120, na ya Japani volti 100. Stima yetu ni 240. Ichomeke moja kwa moja ukutani na jioni yako itaishia kwa moshi na harufu ya plastiki. Hii pekee ingetosha kumfundisha mtu asome kibandiko kabla ya kuuliza bei, lakini bado naona watu wakikagua kama ganda lina mikwaruzo.

Sasa tuhesabu kilichochomolewa. Nitakuwa mkweli: si kila mabadiliko yalikuwa mabaya. Mfululizo wa 50000 uliondoa tundu la i.LINK ambalo karibu hakuna mtu alilitumia, ukaleta feni tulivu zaidi na kipokezi cha rimoti. Hapo sina kesi.

Kesi yangu inaanza 2004. Unene ulishuka kutoka milimita 78 hadi 28 na dunia ikapiga makofi. Hakuna aliyeuliza zile milimita 50 zilikuwa zimebeba nini. Zilikuwa zimebeba, pamoja na mengine, nafasi ya hadidiski. Nyuma ya nene, kuanzia mfululizo wa 30000, kuna kifuniko. Kitoe, pachika adapta ya mtandao, ingiza hadidiski ya kawaida ya kompyuta ya mezani. Huu haukuwa ujanja wa mafundi wa vichochoroni. Sony yenyewe iliuza hadidiski ya GB 40, na 2002 ikauza kifurushi cha Linux chenye kibodi, mausi na hadidiski hiyo, ili mwenye mashine aandike programu zake mwenyewe. Hebu fikiria: mashine ya gemu iliyokuwa tayari kuwa kompyuta sebuleni kwa mtu ambaye hangeweza kununua kompyuta. Slim ilipokuja, mlango huo ulizibwa, na mlango ukishazibwa vizuri watu husahau kwamba ulikuwepo.

Kuanzia mfululizo wa 75000 kikaenda kingine. Ndani ya PS2 za awali kuna chipu ile ile iliyoendesha PS1, na ndiyo maana CD zako za zamani zinakubali. Kwenye 75000 chipu hiyo iliondolewa ikawekwa nyingine inayoiigiza, na baadhi ya gemu zikaanza kukataa au kufanya vituko. Jina kwenye boksi likabaki lile lile.

Halafu zikaja za 90000. Kwa miaka mingi watu wametumia programu ndogo inayoitwa Free McBoot: unaiweka kwenye memori kadi na mashine inaweza kuanzisha programu nyingine bila chipu ya ziada na bila kulehemu chochote. Karibu kila PS2 inaikubali, isipokuwa zile za 90000 zilizotengenezwa baadaye. Zile ziliundwa zikiwa zimefunga tundu hilo makusudi. Ndizo mpya kuliko zote, na ndizo unazosifiwa dukani.

Kwa nini haya yakuhusu wewe ambaye unataka tu kucheza mpira? Kwa sababu ya lenzi. PS2 uliyoshika ina miaka zaidi ya kumi, pengine zaidi ya ishirini, na sehemu inayokufa kwanza ni leza inayosoma diski. Sote tunakumbuka zile PS1 zilizokuwa zinapinduliwa kichwa chini ndipo zisome. PS2 nayo ina uzee wake: leo inakataa DVD, kesho inakataa CD, kesho kutwa imekuwa kizuizi cha mlango. Lenzi mpya halisi hazitengenezwi tena. Ukiwa na nene, memori kadi yenye Free McBoot na hadidiski, hiyo lenzi inaweza kupumzika kaburini na wewe ukaendelea kucheza. Gemu ya DVD ya kawaida haizidi GB 4.7, kwa hivyo hadidiski ya GB 500 inabeba takriban gemu mia moja. Mashine inapona kutoka kwenye ugonjwa wake mkuu.

Nimesikia pingamizi, na baadhi ni za maana.

Wanasema slim inaweza kutumia flashi. Inaweza, na hata nene inaweza. Lakini USB ya mashine zote mbili ni ya kizazi cha kwanza, isiyovuka megabiti 12 kwa sekunde. Video zinakwama na sauti inakatika. Gemu zingine zinavumilika na zingine ni mateso.

Wanasema slim ina tundu la mtandao lililojengewa ndani. Kweli, na ukiwa na kompyuta au ruta ya kuhifadhi gemu, unaweza kuzivuta kwa kebo. Hiyo ndiyo hoja yao nzuri zaidi na naiheshimu. Ila angalia umefika wapi: unahitaji mashine ya pili iwe imewaka ili ya kwanza ifanye kazi.

Wanasema 2020 iligunduliwa njia ya kuingia kupitia kichezaji cha DVD, unachoma diski moja na mlango unafunguka. Ni kweli na ni kazi ya ajabu. Lakini diski husomwa na nini? Na leza, ile ile inayokufa. Ni kama kuficha ufunguo wa nyumba ndani ya nyumba.

Wanasema nene ni kubwa, ina kelele, na kidroo chake hukwama. Sikatai. Kidroo hukwama kweli, na slim unafungua tu kifuniko na kupangusa lenzi kwa pamba. Lakini muulize fundi aliyefungua zote mbili. Ndani ya nene, kitengo cha stima kiko peke yake, kisoma diski kiko peke yake, bodi iko peke yake. Kikiharibika kimoja, unakitoa na kuweka kutoka mashine nyingine iliyokufa kwa ugonjwa tofauti. Ndani ya slim mambo yamebanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Ule utepe mwembamba wa lenzi ukinyanyuka kidogo tu, unakwaruza diski yako duara zima, na hujui mpaka umeitoa.

Wanasema pia kwamba adapta ya slim iko nje, kwa hivyo stima ikiruka, inaungua adapta na si mashine. Hoja nzuri kwa nchi hii, ambako stima hupotea ikarudi na hasira. Lakini adapta hiyo hutoa volti 8.5, namba isiyopatikana kwenye adapta za kawaida, na ukikosa halisi utashawishiwa kuchomeka ya ruta ya volti 12. Usijaribu. Na za 90000, zile "mpya", zimerudisha kitengo cha stima ndani, kwa hivyo hazina hata utetezi huo.

Pingamizi la mwisho ni la maadili: "Wewe unatetea wizi." Tuongee ukweli. Diski nyingi tulizocheza mtaani zilikuwa nakala, zilizoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Hakuna anayehitaji kujifanya malaika hapa. Lakini gemu za mwisho za mashine hii, kama PES 2014, zilitoka 2013. Hakuna duka linalouza mpya. Anayekuuzia DVD ya mtumba leo hampelekei mtengenezaji hata senti. Na hata ukiwa na diski yako halali, uliyoilipia, inakwaruzika na kuzeeka. Kuinakili kwenye hadidiski ndiyo njia ya kuihifadhi. Kufuli lililobaki kwenye 90000 linamlinda nani dhidi ya nani?

Na hapa ndipo ninapotaka tukasirike pamoja, maana mchezo haukuishia kwa PS2. PS3 za kwanza zilikuwa na maunzi ya PS2 ndani, yakaondolewa. Zilikuwa na tundu nne za USB, zikawa mbili. Zilikuruhusu kuweka Linux. Aprili 2010 sasisho likaondoa ruhusa hiyo hata kwenye mashine ambazo watu walikuwa wameshalipia na kupeleka nyumbani. PS5 ikaja 2020 ikiwa na toleo lisilo na sehemu ya diski kabisa. PS5 Pro ya 2024, ghali kuliko zote, haina diski. Ukitaka, nunua sehemu hiyo kando. Simu nazo ziliondoa tundu la earphone, zikagandisha betri kwa gundi. Kila mara tunaambiwa ni maendeleo, na kila mara ushahidi ni wembamba.

Mtu wa San Francisco asipokuwa na sehemu ya diski, anapakua. Mimi na wewe tunapakua kwa bando. Diski unaweza kumwazima jirani. Unaweza kuiuza mwisho wa mwezi ukiwa umesota. Mwenye kibanda anaweza kununua moja na mtaa mzima ukacheza. Mashine inayofunguka inamlisha fundi, inampa kijana wa mtaani mahali pa kujifunzia elektroniki bila karo. Ndivyo gemu zilivyotufikia sisi: kwa mashine za mkono wa pili zilizokubali kufunguliwa. Ukiondoa diski, skrubu na nafasi ya hadidiski, umeondoa ngazi ambayo watu wa mapato yetu waliipandia, na unatuambia tushukuru kwa sababu kifaa sasa kinatoshea kwenye rafu.

Basi ukienda dukani, fanya hivi. Uliza namba kabla ya bei. Tafuta nene ya 39000 au 50000 inayoishia na 3 au 4. Toa kifuniko cha nyuma, uone kama nafasi ya hadidiski iko safi na haijaliwa na kutu. Adapta ya mtandao si rahisi kupata hapa, kwa hivyo ukiiona imepachikwa tayari, usiondoke dukani kumwomba mtu ushauri. Ukilazimika kuchukua slim, labda chumba ni kidogo au ndiyo pekee iliyopo, chukua ya 70000, na hakikisha adapta ni ile iliyokuja nayo. Ya 90000 iache, hata ikiwa inang'aa, hata ikiwa na boksi lake, hata muuzaji akiapa kwa jina la mama yake.

Na akikucheka kwamba umechagua lile zee zito, muulize swali moja tu: lenzi ya hiyo slim yake ikifa, atafanya nini? Msubiri ajibu. Hiyo nene utaibeba kwapani ukielekea stage, ni nzito kweli, lakini uzito wake ni wa vitu ambavyo bado vimo ndani.