Keja Yako Ni Kali kwa Kamera. Lakini Inanukia Nini?

Wacha nianze na makosa yangu mwenyewe, ndio nikianza kuchambua wengine msiseme najifanya.

Miaka miwili iliyopita nilipata malipo ya kwanza ya maana kutokana na video zangu. Hazikuwa pesa za kununua gari, lakini nilijiambia, hizi ni za nyanya. Nyanya mzaa mama anaishi Mji wa Kale, Mombasa, chumba cha chini katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa. Mimi niko Nairobi, na kazi yangu mnaijua: nachukua chumba kilichochoka, nakigeuza, nawaonyesha kabla na baada. Nikapanda treni na fundi mmoja, tukangoja nyanya aende Malindi kwa mama mdogo wiki moja, tukaanza kazi.

Tulitoa kila kitu. Mkeka wa miyaa uliochakaa pembeni, nje. Kitanda cha kamba, nje. Ukuta wa chokaa ulikuwa na mabonde, na karibu na mlango palikuwa na kovu kubwa kama kiganja. Tukaupiga plasta ya simiti, ukawa laini kama karatasi, halafu rangi nyeupe. Sakafuni tukaweka taili zinazong'aa. Dirishani kulikuwa na mrehani kwenye kopo la rangi, nikaona linaharibu picha, nikaweka maua ya plastiki. Chetezo chake cha udi kilikuwa na masizi, nikakificha kabatini. Mahali pake nikaweka kimashine cha kupuliza harufu ya vanila.

Nyanya akarudi. Nikamshika mkono, kamera inarekodi, nikamwingiza ndani. Akapapasa ukuta. Akatabasamu. Akasema, "Mashallah, mjukuu wangu, Mungu akuzidishie." Wengi wenu mlinijua kupitia hiyo video.

Kitu hamkuona ni kwamba nyanya ana presha ya macho, ile glakoma, na wakati huo alikuwa amebakiwa na mwanga kidogo tu. Nilijua. Nilidhani chumba cheupe kitamsaidia kuona. Siku ya tatu, alfajiri, alikuwa anaenda kutawadha, akateleza kwenye taili zangu. Akavunjika kifundo cha mkono.

Nilipompigia simu hakunigombeza, na hilo ndilo lilinimaliza. Aliniambia hivi: "Nyumba yako nzuri, mjukuu wangu. Lakini hini si nyumba yangu. Haina pa kushika, wala hainambii niko wapi."

Halafu akanieleza ramani yake. Akishuka kitandani, miguu inakutana na mkeka. Mkeka ukiisha, sakafu ya baridi, hatua nne. Mkono wa kushoto unafuata ukuta mpaka unakuta kovu, na kovu ni mlango. Akisikia mrehani, ameegemea upande wa dirisha. Akisikia udi, kasha la nguo liko mbele yake. Yaani ule uchafu nilioutoa ndio ulikuwa macho yake. Niliingia na fundi, nikampofusha mara ya pili, na nikalipwa kwa kufanya hivyo.

Na bado sikuifuta video. Niliiacha miezi mitano juu ilikuwa inaingiza doo. Hilo pia lazima niliseme.

Sasa, hoja yangu ni hii: tumeanza kujenga vyumba vya kuangaliwa badala ya vyumba vya kuishi. Tembea keja kumi za vijana Nairobi leo. Taili zilezile, taa zilezile za rangi kwenye kona, karatasi ileile ya ukutani inayojifanya marumaru, nyasi za plastiki kwenye balkoni. Ukipiga picha, safi. Ukifumba macho, uko wapi? Unaweza kuwa Roysambu, unaweza kuwa benki, unaweza kuwa hospitali.

Sisi watu wa kontenti tuna lawama kubwa hapa. Simu haibebi harufu wala haibebi mguso, kwa hivyo tumevitupa. Lakini hata shule haikunisaidia. Kabla sijaacha chuo nilikuwa nasoma usanifu wa majengo. Niliacha mwaka wa pili, karo, stori ndefu. Kwa muda wote huo nilichora kuta nyingi ajabu, na hakuna siku hata moja mtu aliniuliza: huu ukuta, mtu akiugusa usiku, utamwambia nini?

Ajabu ni kwamba lugha yetu inajua. Kwa Kiswahili harufu tunaisikia. "Nasikia harufu ya pilau." Kana kwamba pilau linakuita jina. Na tena tuna vitenzi viwili: taka inanuka, asumini inanukia. Ukikosea hapo mbele ya mtu wa Pwani utajua hujui. Watu waliotenga maneno hivyo hawakuona harufu kuwa kitu cha kunyunyiza mwisho baada ya kupanga viti.

Na mwili pia unajua. Mwaka 2004 Richard Axel na Linda Buck walipewa Tuzo ya Nobel kwa kueleza jinsi pua inavyotambua harufu. Njia ya harufu kichwani ni fupi: kutoka puani inaingia karibu moja kwa moja kwenye sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia na kumbukumbu. Ndio maana unaweza kupita kwenye ngazi za ploti fulani, ukasikia sabuni ya kipande na mafuta ya taa, na ghafla uko darasa la pili, mama yako bado mdogo.

Huko nje wasanii washaamka. Ernesto Neto wa Brazili anatundika vitambaa vinavyonyumbuka kutoka darini, amevijaza viungo: karafuu, manjano, pilipili. Unaingia chini yake, unasikia kabla hujaelewa unachoona. Sissel Tolaas wa Norway mwaka 2006 alionyesha kazi iliyotokana na jasho la wanaume wenye woga. Harufu ilipakwa ukutani, na ulilazimika kuugusa ukuta ili ikutokee. London, mwaka 2015, jumba la Tate lilichukua michoro minne likaiongezea sauti, harufu, ladha na mguso. Duara jeusi la John Latham watu walilihisi kwenye kiganja, kwa mawimbi ya sauti yanayopuliza ngozi.

Niliposoma hayo nilifurahi, halafu nikakasirika kidogo. Kwa sababu hao wanapigiwa makofi kwa jambo ambalo kwetu lilikuwa Jumanne ya kawaida. Lamu, mji ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, una kuta za chokaa zenye vidaka, dari za boriti za mikoko, milango ya kuchonga ambayo kidole kinaisoma kama kitabu. Kuna asumini na mrehani zinafungwa kikuba, zinavaliwa na bibi harusi. Eastleigh jioni, pita ngazi yoyote, utakuta mama wa Kisomali ameweka uunsi kwenye dabqaad na nyumba nzima imebadilika. Ubani unatoka kwenye miti ya Samburu na Marsabit, hapa hapa Kenya. Wakalenjin wanasugua kibuyu cha mursik kwa mkaa wa mti maalum, na maziwa yanapata harufu ambayo mtoto wa kwao ataitambua popote. Kiondo cha mkonge mkono unakijua hata gizani. Na Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, anafinyanga vyungu kwa mkono na kuvisugua mpaka viwe laini kama ngozi. Dunia inavinunua kwa bei ya kutisha, halafu inaviweka nyuma ya kioo visiguswe.

Najua mtasema nini. Wa kwanza: "Hiyo ni mambo ya watu wa doo." Hapana, msee. Mkeka, mrehani na chungu ni rahisi kuliko taa zako za kona. Kilichokuwa ghali ni kile nilichomfanyia nyanya.

Wa pili: "Harufu nzuri ni ya nani?" Hilo ni swali zuri, na ndilo linaniuma zaidi. Tumefundishwa kwamba vanila ya kopo ndiyo usafi, na omena ya jirani ni aibu. Kuna watu wanafungua madirisha yote kabla mgeni hajafika ili asijue wamekula nini. Mimi niliona aibu ya udi wa nyanya yangu mbele ya watu nisiowajua. Fikiria hilo.

Wa tatu ana haki kabisa: kuna watu wana pumu, na moshi ni moshi. Ukifukiza udi, fungua dirisha. Jiko la makaa usiliache ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache za kuwasha ubani, gesi yake inaua na haina harufu. Kama unaishi na mtu kifua kinambana, achana na moshi, tumia majani mabichi. Hata hayo, muulize kwanza.

Nilirudi Mombasa. Safari hii bila kamera. Kwanza nilikuta kitu kingine: chumba kilikuwa kinanuka. Kuta za chokaa zinapumua, unyevu unaingia na kutoka. Nilikuwa nimezifunga kwa simiti na rangi ya plastiki, kwa hivyo unyevu ulikaa ndani, rangi ikavimba, ukungu ukaanza nyuma ya kabati. Juu yake kimashine changu kinapuliza vanila. Chumba changu kile kile kwenye simu kilikuwa bado kinapata mioyo.

Tulibandua plasta. Mzee mmoja wa mtaani anayejua chokaa alitusaidia, akanicheka siku nzima, nilistahili. Kovu la mlangoni lilikuwa limekwenda, halirudi. Nikamuuliza nyanya tufanye nini. Akasema nichonge jingine, na niweke kiganja changu mwenyewe kabla chokaa haijakauka. Kwa hivyo sasa mlango wake una alama ya mkono wangu. Taili tulizitoa njia yote ya kwenda chooni, tukaweka sakafu ya kukwaruza. Mkeka mpya. Mrehani dirishani, makopo mawili. Chetezo kilirudi juu ya kasha, na masizi yake.

Mkono wake ulipona, ila hauinui tena sufuria kubwa. Hilo sikuweza kurekebisha.

Kwa hivyo sikwambii utupe kila kitu. Nakwambia ukirudi keja leo, zima taa, fumba macho, tembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Hesabu vitu ambavyo mguu na mkono vimetambua. Kama ni sufuri, anza na kimoja: kipande cha mkeka kando ya kitanda, kamba ya mkonge kwenye mpini wa mlango, mchaichai kwenye kopo dirishani, huo ukiuvunja jani unakujibu. Na kama unampangia nyumba mtu mzima, mzazi, nyanya, usianze na rangi. Kaa naye jioni moja, umwulize anajuaje kwamba amefika.

Ile video nimeifuta. Wengine mmeniuliza iko wapi, sasa mnajua. Nyanya anawasalimia. Anasema kazi zangu watu humsifia sana, lakini yeye bado hajasikia hata moja ikinukia.