Umefutwa kazi ya teknolojia? Nenda ukajitolee ng'ambo, lakini usitoroke

Imeili inaingia saa nne asubuhi, kufikia saa sita huwezi tena kufungua akaunti yako ya kazini. Ndivyo vijana wengi wa teknolojia Nairobi wanavyofutwa siku hizi. Usiku, huku usingizi umegoma, unapekua mtandao na kukuta tangazo: anatakiwa mtaalamu wa data, Afrika Magharibi, mwaka mmoja, kwa kujitolea.

Marafiki watakucheka. Eti wewe uliyekuwa na ofisi Westlands ukafanye kazi ya bure? Mimi nakwambia usiifunge hiyo tovuti haraka.

Wengi wetu tumezoea kwamba mhudumu wa kujitolea ni mzungu mwenye shanta mgongoni aliyekuja kupaka rangi darasa kijijini. Hebu kumbuka Ushahidi. Programu hiyo ilizaliwa hapa Kenya mwaka 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ili ripoti za wananchi ziwekwe kwenye ramani. Mwaka 2010 tetemeko lilipoiangusha Port-au-Prince, ndiyo iliyotumika kuonyesha waliohitaji msaada Haiti. Wanafunzi wa chuo kikuu kule Boston walikesha wakijitolea, na mikononi mwao mlikuwa na kazi ya Wakenya. Wewe nawe umekulia nchi ambayo imetumia M-Pesa tangu 2007. Mambo unayoyaona ya kawaida kuhusu malipo ya simu, kuna ofisi kwingineko bado zinayatafutia mtu wa kuyaeleza.

Na hiyo "bure" si bure kabisa. Mpango wa Umoja wa Mataifa wa kujitolea, UNV, wenye makao makuu Bonn, Ujerumani, humpa anayetumwa nchi nyingine posho ya kujikimu kila mwezi, nauli na bima ya afya. Posho hiyo hukadiriwa kwa gharama ya maisha ya kule uendako. Si mshahara, na HELB hawatasitisha deni lako kwa sababu una moyo mwema. Kama ni wewe unayewalipia wadogo zako karo, keti na wazazi mpige hesabu kabla hujatuma ombi. Kuna pia kujitolea kupitia mtandao ukiwa papo hapo Rongai. Hapo ndipo huna posho hata ndururu, ila unapata kazi ya kuonyesha mwajiri badala ya pengo kwenye wasifu wako.

Sasa tuongee kuhusu matapeli. Unajua yaliyowapata Wakenya walioahidiwa kazi nzuri Thailand, wakajikuta Myanmar wamefungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kuibia watu mtandaoni. Waliolengwa ni vijana wanaojua kompyuta na Kiingereza. Yaani wewe. UNV haitozi ada ya kujisajili wala ya kuhojiwa. Anayekuitisha hela "ya kushughulikia faili", au anayetaka usafiri kwa viza ya utalii ukafanye kazi, mblock tu na usimjibu.

Kinachonikera hasa ni kijana anayeenda ng'ambo ili nyumbani wasijue alifutwa. Mama anaambiwa "kampuni imenituma", ilhali kampuni ilishamsahau. Mtu wa namna hiyo huondoka mbio hata haki yake asidai. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kazi yako ikiondolewa kwa sababu ya kupunguza wafanyakazi, upewe notisi ya angalau mwezi mmoja, ulipwe siku za likizo ulizobakiza, na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliomaliza kazini. Uliyefanya miaka minne, hiyo ni miezi miwili ya kodi, chakula na kufikiri kwa utulivu. Ukiiacha, utakubali tangazo la kwanza utakaloliona, liwe la kweli au la Myanmar.

Kwa hivyo wiki hii, kabla ya kujaza fomu yoyote, waandikie waliokufuta. Wadai pesa zako, na cheti cha utumishi kinachoonyesha ulifanya nini na kwa muda gani. Nacho ni haki yako kisheria, hata kama mliachana vibaya. Utakihitaji utakapoombwa uthibitisho wa uzoefu wako.