Ati "Wazungu Wanajua Kutunza"? Ulizeni Paa la Conwy

Juzi niliposti picha za ngome ya Conwy, kaskazini mwa Wales, pale mto Conwy unapoingia baharini. Minara minane mikubwa, juu ni mawingu tu. Nilikuwa nimeenda kumwona binamu yangu, anatunza wazee huko. Kushuka kwa komenti, wimbo ni mmoja: "Ona venye wazungu wanatunza historia. Sisi tungekuwa tushabomoa tukajenga ghorofa."

Hebu tulieni.

Hiyo ngome haina paa. Mlidhani lilienda wapi? Mwaka wa 1665 mwenyewe, Lord Conway, aliagiza ing'olewe mbao, chuma na ile risasi ya paa. Skrap, wasee! Biashara ile ile ya wenye hubeba vifuniko vya mitaro usiku hapa Nairobi, tofauti ni huyu alikuwa na cheo. Miaka ya 1840 reli nayo ikapitishwa katikati ya kuta za mji wa kale, daraja lake likabanwa kando kabisa ya ngome. Na sisi tulipiga kelele SGR ikipita mbugani.

Alafu mnasema "historia yao." Ya nani? Kabla ya ngome, hapo palikuwa na monasteri ya Aberconwy, na ndani yake kaburi la Llywelyn Mkuu, mtawala wa Wales aliyekufa 1240. Edward wa Kwanza, mfalme wa Uingereza, akavamia, akahamisha watawa, na kati ya 1283 na 1287 akajenga juu ya hapo ngome na mji wenye ukuta, wa kukaa Waingereza. Ni kama mtu aingie boma lenu, awahamishe wazee, ajenge kituo cha polisi penye babu alizikwa.

Na mto si wa mandhari. Ngome ina lango la upande wa maji, chakula kiingie kwa mashua hata wenyeji wakifunga barabara. Na walifunga kweli. Madog ap Llywelyn alipoongoza uasi wa 1294, Edward mwenyewe alikwama humo ndani kipindi cha baridi, akitegemea kile kinaletwa na meli. Hiyo sehemu ndio ningependa mkomenti, lakini wapi.

Mzee mmoja anayetunzwa na binamu yangu huongea Kiwelsh siku nzima. Mwite Mwingereza uone. Nyinyi mnamweka pamoja na Edward kwa neno moja, "wazungu."

UNESCO iliiweka Conwy kwa orodha yake 1986. Sawa. Mwaka wa 2008 iliweka kaya za Mijikenda, misitu imelindwa na wazee wa kaya kwa miiko, bila mfalme. Hiyo ni Kilifi na Kwale, matatu inakufikisha karibu. Nani kati yenu ameposti?

Wiki ijayo naenda Kaya Kinondo. Mwenye ataandika tena ati sisi hatujui kutunza, namtumia picha ya Conwy kutoka juu, penye paa lilikuwa.