Tupige Chapa Programu Zetu

Ukifika soko la mifugo la Bissil, hapa kwetu Kajiado, mtazame ng'ombe kabla ya kuuliza bei. Utaona sikio limekatwa kwa namna yake, na mwilini kuna alama ya chuma cha moto. Mzee wa Kimaasai akiiangalia tu, anajua ng'ombe huyo ni wa ukoo gani. Swali langu ni hili: kwani sisi tunaosoma katika nchi ya wafugaji tunaundaje programu za tarakilishi na kuziacha bila chapa?

Wenzangu wengi katika chama cha tarakilishi hutumia lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka wa 1995, na ambayo tangu 2010 imo mikononi mwa Oracle. Jina hilo ni la kahawa. Ndiyo sababu dirisha la Java likiachwa hivi hivi huonyesha kikombe cha kahawa pale juu pembeni. Programu ya maktaba, kikombe. Ya kujumlisha alama za mtihani, kikombe. Mchezo wa bao, kikombe! Mwalimu akizifungua zote tatu, chini ya skrini anaona vikombe vitatu kana kwamba yuko hotelini. Atajuaje ipi ni ipi?

Wapo wanaonipinga. Wao husema ati kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; kwamba kazi ni ile ya ndani na picha ni urembo tu. Sikatai kuwa kazi ya ndani ndiyo kubwa. Lakini alama si urembo. Hata mtu asiyejua kusoma, akiwa hapa Kitengela, humtambua wakala wa M-Pesa kwa rangi ya kijani. Tena alama ni dhamana: programu ikiharibika, anayeitumia ajue atamwita nani. Kikombe hakimwelekezi kwa yeyote.

Isitoshe, kazi yenyewe ni ndogo. Ni mstari mmoja tu: unaliamuru dirisha kwa setIconImage na kulipa picha yako. Picha iwe ya PNG na iwe na michoro michache, maana mara nyingi huonyeshwa kwa upana wa vitone 16 tu. Ukichora twiga, mlima na bendera pamoja, litaonekana doa. Tangu Java 6 iliyotoka mwaka wa 2006 kuna pia setIconImages, ambayo hupokea picha za ukubwa mbalimbali ili ichaguliwe inayofaa. La kuangalia sana ni mahali picha inapokaa. Ukitaja faili iliyo katika mashine ya shule peke yake, siku programu inapohamishwa picha haipatikani, na kikombe kinarudi kimya kimya. Heri picha ifungwe pamoja na programu na isomwe kwa getResource.

Hata hivyo, chapa nayo ina heshima yake. Siku hizi kuna mchezo mbaya: mtu anachukua mradi wa mwenzake, au anaununua, anabadilisha jina na picha, kisha anauita wake. Huo ni wizi wa mifugo wa kisasa! Kumpiga chapa ng'ombe wa kuibiwa hakumfanyi kuwa wako. Ukiulizwa mstari wa arobaini unafanya nini, utajibu nini? Tusibandike ngao ya taifa pia, kwani iko sheria inayolinda bendera na nembo za Kenya. Wala tusiokote picha za watu kwenye intaneti. Zina wenyewe. Kalamu tunazo, tuchore.

Kwa hivyo napendekeza chama chetu kisipokee programu yoyote isiyo na alama iliyochorwa na walioiunda. Na anayeweka alama asimame mbele ya wenzake aeleze kazi yake mstari kwa mstari. Atakayeshindwa, arudi na programu yake mpaka aielewe. Mcheza kwao hutunzwa, lakini atatunzwaje asiyejulikana? Haya shime, wenzangu, kila dirisha na lijulikane mwenyewe!